Sinia ya Bolti

Lamar Bontrager alikuwa na miaka arobaini na sita, mke mmoja anaitwa Joyce, foklifti moja ya kazini na gokati moja ya kwake mwenyewe. Kati ya vyote hivyo, alichokuwa anakiongelea kuanzia Jumatatu mpaka Jumatatu ni gokati. Si unazijua? Vile vigari vya chini kabisa, havina paa, havina mlango, havina hata springi, makalio yako yapo vidole vitatu juu ya lami, na injini yenyewe ni ndugu wa damu wa mashine ya kukatia majani. Usicheke. Kaa humo ndani siku moja halafu uje useme.

Huku kaskazini mwa Indiana watu wengi wanafanya kazi kwenye viwanda vya nyumba za magurudumu, zile za kukokotwa na gari kwenda likizo. Lamar alikuwa anazisogeza uani kwa foklifti, ile mashine ya kunyanyulia mizigo, mwaka wa ishirini na mbili sasa. Alikuwa fundi kwelikweli. Foklifti ina pedali ya kushoto, ukiigusa kidogo mashine inatulia, inanyata kama paka, na mguu wa kushoto wa Lamar ulikuwa haubanduki pale tangu saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa nane na nusu mchana. Alikuwa anaweza kuingiza nyumba nzima kwenye nafasi ambayo wewe ungeogopa kuingiza baiskeli. Wenzake walikuwa wanasimama kumwangalia, na yeye anajifanya hajawaona.

Jumamosi ndiyo siku ya mbio uwanjani. Na uwanjani, jamani, kulikuwa na Kona ya Silo.

Kona ya Silo iko mwisho wa barabara ndefu iliyonyooka, karibu na silo ya mahindi ya jirani. Unakuja mbio zote, halafu unatakiwa ukunje kulia, kona imejikunja kama kiwiko. Lamar alikuwa anafika pale sambamba kabisa na Rhonda Pletcher, gurudumu kwa gurudumu. Wakitoka upande wa pili, Rhonda keshaondoka. Urefu wa gokati tatu mbele. Kila raundi, kila Jumamosi, tangu mwezi wa tano.

Rhonda alikuwa na miaka hamsini na nane, dereva wa basi la shule, na ana macho ya kukutuliza kupitia kioo cha juu hata kama hukufanya kitu.

Sasa usidhani Lamar hakujitahidi. Alijitahidi mpaka Joyce akachoka kuona video za kona mezani wakati wa kula. Alijua breki inakanyagwa gari likiwa bado limenyooka, siyo ndani ya kona. Alijua kuingia kwa upana, kusubiri, kusubiri tena, ndipo ukakate karibu na ukingo wa ndani, ukichelewa kidogo, ili utoke umenyooka na mafuta yote. Alijua usiegemee ndani kama uko kwenye pikipiki, kaa wima kama gunia, kwa sababu ekseli ya nyuma ni chuma kimoja, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, na lile la ndani lazima linyanyuke kidogo la sivyo gokati inakwama kwenye kona kama imeshikwa shati. Alisogeza kiti nyuma. Alipunguza upepo kwenye matairi. Akaongeza. Akapunguza tena.

Hakuna kitu. Tena akitoka kwenye kona ile alikuwa anasikia harufu ya kuungua, na pedi zake za breki zilikuwa zinaisha kama sabuni. Alishabadilisha seti nne msimu ule, na kila mara anamtukana aliyemuuzia.

"Harufu hiyo klachi," alimwambia Skip Weirich, rafiki yake wa kazini ambaye alikuwa anakuja uwanjani kwa ajili ya kula na kusema watu.

"Klachi, sawa. Na kila raundi kuangalia mgongo wa Rhonda nayo ni klachi? Umekuwa shabiki wake nini?"

"Skip, ile injini si ya kawaida."

"Mama wa watu anaendesha basi la shule, bwana!"

"Ndiyo nakwambia. Si ya kawaida. Yule Vern alikuwa mjanja."

Vern alikuwa mume wa Rhonda. Ndiye aliyekuwa anamfungia injini zote. Alifariki Februari ya mwaka uliotangulia, kwenye ile theluji mbaya, na Rhonda alikuwa bado anakimbiza injini ileile aliyomwachia. Lamar alikuwepo mazishini. Alibeba jeneza, upande wa kushoto. Halafu mwezi wa saba anasema mjanja.

Uwanjani kwetu kuna utaratibu. Ukimshuku mwenzako, unajaza karatasi ndani ya nusu saa baada ya mbio, unaweka dola mia mezani, na injini ya unayemshuku inafunguliwa palepale mbele ya watu wote. Ikikutwa na kasoro, anafutiwa msimu. Ikikutwa safi, ile mia ni yake. Na juu ya hizo kuna sheria moja: aliyeshtaki ndiye anashika sinia ya bolti. Unasimama pale na sinia ya bati mikononi, kila bolti ikitoka inadondokea kwako, na huondoki mpaka ya mwisho. Iliwekwa hivyo makusudi, watu wasishtakiane ovyo.

Lamar alijaza karatasi.

Mkaguzi wetu anaitwa Odell Fry, mzee wa miwani iliyofungwa kwa kamba ya kiatu. Aliisoma karatasi mara mbili, akaishusha.

"Lamar. Una uhakika?"

"Nina uhakika."

"Ifikirie kwanza mpaka wiki ijayo."

"Sheria inasema nusu saa, Odell."

"Najua sheria inasema nini." Akachukua kipaza sauti, na sauti yake ikaenda mpaka kwenye mahindi. "Rhonda Pletcher. Lete injini mezani."

Watu walikuja, tena wote. Walikuja na mikate yao ya nyama ya nguruwe ya kukaanga, zile nyama pana zinazotokeza nje ya mkate pande zote, wakajipanga kuzunguka meza wanatafuna. Rhonda akaja na helmeti kwapani, nywele zimelowa jasho zimemganda usoni. Hakuuliza nani. Lamar alikuwa amesimama hapo na sinia.

"Wewe?"

"Ni sheria tu, Rhonda. Siyo ubaya."

"Sheria naijua, Lamar. Hiyo ya sinia aliiandika Vern."

Mtu mmoja akacheka, akanyamaza. Lamar alihisi masikio yanawaka moto.

Odell akasema kwa upole, "Unaweza kukataa, Rhonda. Unapoteza pointi za leo na za mwezi tu."

"Halafu waseme nilikataa kwa nini? Fungua."

Bolti ya kwanza ikadondoka kwenye sinia. Ting. Ya pili. Ting. Hujawahi kusikia sauti ndogo ikawa kubwa hivyo. Odell akagonga kifuniko cha ubavuni kwa nyundo ya mpira, hakikutoka, akagonga tena, kikaachia ghafla. Na pale katikati ya vyuma viwili, gasketi, kile kikaratasi cha kuzuia mafuta yasivuje, ikawa imechanika vipande viwili. Haikuwa ya dukani. Ilikuwa ya karatasi ngumu, imekatwa kwa mkono, na upande mmoja unaona picha: bakuli la bluu na nusu ya kijiko.

"Boksi la nafaka ya asubuhi!" Skip alipayuka na mdomo umejaa. "Vern, bwana! Alikata gasketi kwenye boksi la kifungua kinywa!"

Watu wakaangua kicheko, kile kicheko cha kumpenda mtu. Halafu kikafa chenyewe, kwa sababu walimwona Rhonda. Alikuwa ameipa meza mgongo, anaangalia mahindi.

"Inaruhusiwa," alisema Odell akiipima unene. "Iko sawa." Akachukua kisu akaanza kukwangua mabaki yaliyoganda kwenye chuma, na vipande vikawa vinadondoka kwenye sinia ya Lamar, juu ya bolti. Kibluu kidogo. Kipande cha kijiko. Lamar hakujua avifanyeje. Alivishika tu, bolti zinagongana kwenye bati, na kila mtu anasikia.

Odell alipima kila kitu. Pistoni, valvu, kabureta, vyote. Jua lilikuwa kali na Lamar alitamani ile sinia iwe kubwa ajifunike. Mwisho Odell akavua miwani.

"Safi," akasema kwenye kipaza sauti. Halafu bila kipaza sauti, kwa Lamar peke yake, "Pistoni imechoka. Hii injini ni dhaifu kuliko yako."

Watu wakatawanyika kwenda kununua aiskrimu. Skip naye akakumbuka ghafla kwamba ana shughuli. Rhonda alipanga vyuma vyake kwenye kapu la nguo la plastiki, vipande vipande, hana haraka. Akamwaga na sinia ya Lamar humo humo, na vile vikaratasi. Kisha akapita kwenye gokati ya Lamar akachuchumaa nyuma yake.

"Lamar. Njoo hapa."

Akaenda.

"Hii diski ya breki ina rangi gani?"

"Bluu."

"Bluu kama nini?"

"Kama... kama shingo ya tausi."

"Na inatakiwa iwe na rangi gani?"

"Ya chuma."

"Umebadilisha pedi seti ngapi mwaka huu?"

"Tatu," alisema Lamar. Zilikuwa nne. Hata yeye hakujua kwa nini alidanganya, ilitoka tu.

"Mimi bado natumia alizoweka Vern." Akasimama, magoti yakalia. "Ukiwa ndani ya kona, mguu wako wa kushoto unakaa wapi?"

Lamar akafungua mdomo ajibu. Ndipo akauona. Yaani aliuona mguu wake, kiatu chake, kimelala juu ya pedali ya breki kama paka kwenye kochi. Siyo kukanyaga. Kugusa tu. Kugusa kule kwa foklifti, kule kwa kunyata, miaka ishirini na miwili. Msimu mzima alikuwa anaingia Kona ya Silo kwa mafuta na breki kwa wakati mmoja, anapika breki zake mwenyewe, anasikia harufu anasema klachi, na sasa ameifungua injini ya marehemu kwa sababu hiyo.

Rhonda akabeba kapu lake.

"Na wiki ijayo?" Lamar alimkimbilia na swali. "Utakimbia?"

"Na nani ataifunga?" Akapandisha kapu kwenye gari. "Umenielewa? Mimi naendesha. Aliyekuwa anafunga hayupo."

Nyumbani Joyce alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkata. Halafu akasema sentensi moja.

"Umemfungulia mjane injini ya mume wake mbele ya watu wanakula."

Lamar hakula siku hiyo. Jumapili kanisani walikaa viti viwili nyuma ya Rhonda na Lamar aliimba kwa sauti ya chini sana, kama mtu asiyestahili kuimba. Jumatatu kazini ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu siku nzima mguu wa kushoto ulikuwa kwenye pedali ile na yeye anautazama. Akaja kugongesha ubavu wa nyumba moja ya magurudumu. Ni mara ya kwanza tangu aajiriwe. Wenzake walikuwa wamesimama wanaangalia.

Na maneno yalikuwa yanazunguka. Kantini aliwasikia wawili wanaongea. "Aliyesema safi ni Odell. Odell na Vern walikuwa marafiki, si unajua." Lamar alitakiwa ageuke aseme jamani hapana, nilikosea mimi, ni mguu wangu. Alifungua chupa yake ya chai akanywa chai iliyopoa.

Jumatano akaenda kwa Rhonda na pai ya maziwa na sukari aliyooka Joyce. Aligonga mlango wa jikoni.

"Bi Rhonda, habari za—"

"Bi Rhonda ni ya watoto wa basi. Ingia, unaingiza nzi."

Mezani kulikuwa na magazeti, na juu ya magazeti vyuma vyote, vimepanguswa, vimepangwa kwa mstari. Pembeni kulikuwa na boksi la nafaka, tupu.

"Nimekuja kuifunga," Lamar alisema. "Kama utaniruhusu. Na nimekuja kukuomba msamaha. Nilikosea, Rhonda. Nimekosea vibaya sana, na kwa Vern pia, na silali."

Rhonda alikata pai vipande viwili. Akampa kimoja, akakaa.

"Ulipotaka watu wajue mimi ni mwizi, ulikuwa wapi?"

"Uwanjani."

"Na sasa hivi uko wapi?"

Lamar akaangalia jokofu, pazia la dirisha, viatu vyake. "Jikoni kwako."

"Basi." Akamsukumia bakuli la bati. "Kula pai yako. Halafu ushike sinia, mimi nifunge, wewe unielekeze. Safari hii nataka nijue mwenyewe."

Wakafanya hivyo. Rhonda alilaza kile kifuniko juu ya boksi, akachora kwa penseli, akakata kwa mkasi wa kushonea, ulimi nje kama mwanafunzi wa darasa la pili.

"Hizi nafaka alikuwa anakula Vern," alisema bila kuinua kichwa. "Mimi sizipendi, ni tamu kama adhabu. Nimekula boksi zima tangu Jumapili ili nipate boksi."

Lamar alishika pembe ya boksi lisiteleze.

Walipomaliza, Rhonda akavuta kiti katikati ya jiko. "Kaa." Akamwekea mfuniko wa sufuria mikononi uwe usukani, na ndara zake mbili chini ziwe pedali. Ndara zenyewe za manyoya ya pinki. "Haya. Unakuja Kona ya Silo."

"Rhonda, tafadhali."

"Unakuja Kona ya Silo, Lamar!"

Lamar akakunja mfuniko wa sufuria. Rhonda akaangalia ndara. "Ona! Ona mguu! Umenyooka umekanyaga, sawa. Umeanza kukunja, mguu bado uko palepale. Uondoe! Uvute nyuma kabisa, kisigino chini. Breki ikiachiwa, pua ya gokati inapata pumzi, gurudumu la ndani linanyanyuka, inageuka yenyewe. Wewe unaishika shati halafu unaishangaa."

"Mguu unarudi wenyewe. Ni kazi. Umezoea."

"Basi piga kelele. Kila ukianza kukunja, sema 'toa.' Watoto wangu wa basi nawafundisha kusema 'mkanda' kila wakikaa. Mdomo ukisema, mguu unasikia. Sema."

"Toa."

"Mguu haujasikia."

"Toa!"

Alikaa pale nusu saa, mtu mzima, anapiga kelele kwenye ndara za pinki. Na unajua nini? Aibu ya ndara ilikuwa tamu kidogo kuliko ile nyingine. Wakati anaondoka Rhonda alimwambia tu, "Jumamosi asubuhi Odell huwa anauliza kama kuna mwenye neno."

"Najua."

Jumamosi asubuhi Odell alikusanya madereva wote, akasoma hali ya hewa, akawakumbusha bendera, halafu akauliza, "Kuna mwenye neno?"

Watu kama arobaini. Lamar aliangalia viatu vyake. Viatu havikumsaidia. Alihesabu moja, mbili, alisema ikifika tatu naongea, na ikafika saba.

"Haya, injini ziwashwe," Odell akasema.

Mbio zenyewe, jamani! Raundi ya kwanza anakuja Kona ya Silo sambamba na Rhonda kama kawaida, breki wakiwa wamenyooka, anaanza kukunja, na ndani ya helmeti anapiga yowe. "TOA!" Mguu ukatoka. Gokati ikageuka kama mlango uliopakwa mafuta. Mwanzo alidhani imeteleza, akaogopa, kumbe ndivyo inavyotakiwa. Raundi ya pili, toa. Ya tano, toa, watu waliosimama kwenye uzio wanaangaliana wanauliza nani analia. Kila raundi alikuwa anaokoa nusu sekunde kwenye ile kona moja. Mwisho Rhonda alimshinda kwa nusu gurudumu. Nusu! Lamar aliingia kwenye mizani, maana kila gokati hupimwa uzito baada ya mbio, anacheka peke yake, kwa dakika moja nzima alisahau kila kitu.

Skip alikuja mbio na soda mkononi. "Wewe! Umefanya nini wewe? Umeokota wapi mwendo huo?"

Na mdomo wa Lamar, ule mdomo uliosema pedi ni seti tatu, ukasema, "Nimebadilisha klachi."

Rhonda alikuwa mizani ya pili, hatua tatu kutoka pale, anafungua kamba za helmeti. Alimwangalia. Ni yale macho ya kwenye kioo cha basi. Kisha akaendelea kufungua helmeti.

Ingeishia hapo labda Lamar angevumilia. Lakini Skip alishageuka kwa mwenzake, anaongea bila hata kupunguza sauti. "Klachi nini! Wewe huoni? Wiki iliyopita Rhonda anamwacha gokati tatu. Odell kaifungua, kaifunga upya, leo nusu gurudumu. Hesabu ndogo tu. Kulikuwa na kitu mle ndani, wakakitoa kimyakimya kumsitiri Vern."

"Eh," alisema yule mwenzake. "Kweli bwana. Sikufikiria hivyo."

Unaona kilichotokea? Kadiri Lamar alivyokimbia vizuri ndivyo alivyomfanya Rhonda aonekane mwizi. Rhonda alimfundisha kona, na yeye akaitumia kuthibitisha ule uongo. Na Jumatatu itakuwa kantini, na shule zikifunguliwa itakuwa kwenye basi, watoto watakuwa wamesikia kwa baba zao.

Zawadi hutolewa kwenye meza ya kulia chakula karibu na choo, vikombe vya plastiki vya rangi ya dhahabu. Odell alimwita wa tatu, watu wakapiga makofi. Akamwita wa pili. Lamar akaenda, akapokea kikombe, halafu badala ya kurudi akanyoosha mkono kwenye kipaza sauti. Odell akamwangalia, akampa.

Kipaza sauti kikapiga mluzi. Kila mtu akaziba masikio. Mwanzo mzuri huo.

"Sijabadilisha klachi," Lamar alisema. Sauti yake ikarudi kutoka kwenye silo, klachi, klachi. "Nimemwambia Skip klachi. Si kweli. Mguu wangu wa kushoto... Mimi nilikuwa nakanyaga breki. Kwenye kona. Msimu wote. Kidogo, kama kwenye foklifti. Sikujua."

"Ulikuwa unafanya nini?" mtu akauliza kutoka nyuma.

"Nakanyaga breki! Huku nimekanyaga mafuta!"

Kicheko kilichotoka hapo kilikuwa kikubwa. Si kile cha kumpenda mtu. Lamar aliacha kipite juu yake, shingo imekuwa nyekundu mpaka kifuani, na hakurudisha kipaza sauti.

"Ile injini haikuwa na kitu. Mimi nilishika sinia, niliona. Ilikuwa dhaifu kuliko yangu, Odell aliniambia na mimi nikanyamaza. Aliyeifunga upya ni Rhonda, jikoni kwake, kwa mkono wake, na gasketi kakata mwenyewe. Na leo nimekimbia kwa sababu yeye ndiye alinifundisha. Baada ya yale yote. Alinikalisha kwenye kiti akanifundisha." Akahamishia kikombe mkono mwingine. "Vern hakuwahi kudanganya mtu. Nilibeba jeneza lake halafu nikamwita mjanja. Nisamehe, Rhonda. Nasema hapa kwa sababu kule ndipo... kwa sababu hapa ndipo nilipokuita mwizi."

Skip alikuwa anachunguza soda yake kama imeandikwa kitu. Rhonda alikuwa amekaa kwenye kiti cha kukunja, mstari wa mbele, mikono imefumbatwa.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nadhani."

"Pedi seti ngapi?"

Lamar akakaribia kutabasamu, akaona yeye hatabasamu. "Ulishaniuliza."

"Nakuuliza mbele ya watu."

Akaangalia kikombe chake cha plastiki. Akaangalia watu, arobaini na zaidi, wote wanasubiri, hata Odell amevaa miwani.

"Nne," alisema.

"Sijasikia."

"NNE!"

Silo ikarudisha, nne, nne. Hapo ndipo Rhonda alipoinuka, akaja kuchukua kikombe chake cha mshindi wa kwanza, na alipompita Lamar akamgonga begani kwa helmeti. Hakumgonga polepole.